Mshale Ulikuwa wa Kijani

Saa 1 na dakika 20 usiku, Kigombe. Koasta, basi dogo tunalosafiria, kupikia na kulala, imeegeshwa chini ya minazi, upepo wa kusi unavuma, na wali wa nazi umeanza kukauka juu huku kiini cha punje bado kigumu. Miali ya buluu ikashuka. Ikawa vidoti vidoti kuzunguka kichwa cha jiko, kisha ikapotea.

Niliinama nikamulika geji ya mtungi wa gesi kwa simu. Mshale ulikuwa kwenye kijani, yaani gesi ipo.

Mama alikuwa amejichoma sindano ya sukari dakika 20 zilizopita.

Wenye mgonjwa wa sukari nyumbani hawahitaji niendelee. Kwa wengine: insulini anayotumia Mama ni ile ya mchanganyiko, anajichoma nusu saa kabla ya kula. Ikishaingia mwilini haiulizi kama chakula kimeiva. Inaanza kazi yake.

Nimekaa na usiku ule wiki ya 6 sasa. Nimeandika mwanzo wa makala hii mara tatu nikaufuta, kwa sababu kila mara nilijikuta nailaumu geji, na kila mara nilipofika mwisho wa aya nilijua sijasema nilichotaka kusema.

Vijiko vitatu

Kaka alidhani mpira umejikunja. Tukaukagua, uko sawa. Akafunga regyuleta akafungua tena. Halafu akaushika mtungi kwa mikono miwili akautikisa, na ulivyokuja mwepesi mikononi mwake sote wawili tulijua kabla ya yeyote kusema neno.

"Tuulaze kidogo," akasema, "yatoke yaliyobaki."

Nilimkatalia, na hilo ni jambo moja la usiku ule ambalo silijutii. Mtungi uliounganishwa na jiko haulazwi. Jiko limetengenezwa kupokea mvuke. Ukiulaza mtungi unaweza kupeleka kimiminika kwenye mpira, na moto wa namna hiyo ndani ya gari huwezi kuushika.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, leso begani, hasemi kitu. Aliponyoosha mkono kushika ukingo wa mlango niliona vidole vinatetemeka. Paji la uso lilikuwa na jasho, na upepo wote ule.

"Mama, unajisikiaje?"

"Njaa tu, mwanangu." Maneno yalitoka polepole, kama anayatafuta.

Mashine ya kupima sukari kidoleni ilisoma 3.3. Chini ya 4 ni sukari kushuka. Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha maji, nikamshikia akanywa yote. Kaka alikuwa ameshatoka na tochi kuokota makuti na vifuu. Baada ya robo saa mashine ikasoma 4.8, na nilijua Mama amerudi pale niliposikia sauti yake ikimwelekeza Kaka: vifuu chini, makuti juu, na lile kumbi bichi alitupe litamtia moshi machoni bure.

Wali ulimalizikia kwenye mafiga matatu ya mawe. Ulikuwa na ladha ya moshi. Mama alikula sahani nzima, akasema wali wa moshi ndio wali.

Mimi sikula.

Harufu ya siku mbili kabla

Kilichoniuma zaidi sikukijua usiku ule. Nilikikumbuka kesho yake nikiwa nakunja vyandarua.

Siku mbili kabla, tukiwa bado Tanga mjini tunapakia, Mama aliingia kwenye Koasta akasimama. "Nasikia gesi." Nilikoroga sabuni ya unga, nikapaka povu kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regyuleta, kwenye mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kiputo hata kimoja. Nikamwambia hakuna kinachovuja, Mama, ni pua tu.

Pua ya Mama ilikuwa sahihi, ila mimi nilijibu swali moja tu. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu ya kutegemea. Ule uvundo wa kitunguu kilichooza ni dawa inayotiwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Dawa hiyo ni nzito kuondoka kuliko gesi. Mtungi unavyopungua, inabaki nyuma na kujikusanya katika kile kidogo kilichobaki, kwa hiyo mtungi unaokaribia kwisha hunuka kuliko mtungi mpya kila unapowasha jiko. Kupaka povu nilifanya vizuri, na nitaendelea kufanya. Lakini baada ya kuona hakuna kiputo, kulikuwa na swali la pili, na sikuliuliza.

Nilitazama geji. Kijani. Nikafunga mlango wa sanduku la gesi.

Mkaa unauona

Mama amepika maisha yake yote na hajawahi kuishiwa katikati ya chungu. Nimelifikiria hili sana. Gunia la mkaa lilikaa nyuma ya mlango wa jiko, na kila alipochota alikuwa anaona limesinyaa hadi wapi. Lile jiko la mafuta ya taa la utambi alikuwa analiinua kwa mkono mmoja na kulitikisa karibu na sikio. Kuni ziliegemea ukuta. Hakuhesabu, kwa sababu macho na mkono vilikuwa vinahesabu vyenyewe.

Kisha ikaja gesi, na sisi wanawe ndio tuliomletea. Tulimpa mtungi, tukampa jiko la pleti mbili, tukamfundisha kufungua na kufunga. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Nimekohoa moshi wa kutosha utotoni. Lakini tumehamia kwenye nishati iliyofichwa ndani ya chuma, na mafundisho yote niliyowahi kuyasikia yanahusu kuwasha na kuvuja. Namna ya kujua kimebaki kiasi gani tumeachiwa wenyewe.

Watu wanabuni. Jirani yangu anagonga mtungi kwa kijiko na kusikiliza. Mwingine anaandika tarehe ukutani. Mwingine anangoja moto ubadilike rangi, na siku zote anakuwa amechelewa. Mimi nilinunua regyuleta yenye geji ya rangi tatu, nikaona nimemaliza kazi.

Mzee wa lori

Asubuhi ile Kigombe nilikwenda kuomba maji ya moto kwa majirani zetu wa ufukweni, mume na mke Wajerumani, wazee, waliojengea nyumba juu ya lori na kuzunguka nalo. Kwa Kiingereza changu na Kiswahili chake kidogo nilimweleza yaliyotupata. Alinisikiliza hadi mwisho, akaja hadi kwenye Koasta, akaiangalia geji yetu.

"Hii haipimi gesi," akasema.

Nilimshukuru. Sikumwamini. Imeandikwa rangi, ina mshale, duka limeiuza kwa kazi hiyo.

Akanionyesha yake. Chini ya lori lake kuna tanki lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu, na ndani ya tanki kuna boya kwenye mkono wa chuma. Gesi iliyo kimiminika ikipanda boya linapanda, ikishuka linashuka, na sumaku ndiyo inayogeuza mshale wa nje bila tundu lolote kutobolewa kwenye chuma. Mtu yeyote wa pwani anaelewa boya. Hilo kweli linapima kiasi.

Hata hivyo alikuwa na masharti nalo. Gari lazima lisimame sawasawa, kwa sababu lori likiinama boya linasema uongo. Na "limejaa" maana yake ni asilimia 80, kwa kuwa tanki la gesi halijazwi hadi juu. Gesi iliyo kimiminika ikipata joto hutanuka na inahitaji nafasi. Akanieleza kwamba magari-nyumba ya Marekani yana tanki la namna hiyo, na ndani karibu na jiko kuna kibao chenye taa nne: robo, nusu, robo tatu, limejaa. Kati ya taa ya nusu na taa ya robo kuna siku nyingi za kupika, na kibao hakikwambii uko wapi kati yake. Mwenye gari la hivyo akitaka uhakika anashuka, anapiga magoti na kusoma mshale ulioko kwenye tanki lenyewe. Karavani za kukokotwa nazo hubeba mitungi miwili mbele, pamoja na regyuleta inayohama yenyewe kutoka mtungi mmoja kwenda wa pili, na kidirisha chake kinageuka chekundu wa kwanza ukiisha.

Nilimuuliza kwa nini basi nyuma ya lori lake kumefungwa mtungi wa kilo 6 kama wetu.

Tangu alipovuka mpaka, akasema, hajapata mahali penye mdomo wa kujazia unaoingia kwenye tanki lake. Tanki lake zuri lilikuwa tupu. Walikuwa wanapikia mtungi wa kwetu, na huo hauna boya.

"Na huo unaujuaje?"

Aliingia ndani akatoka na mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia begi kabla ya kwenda uwanja wa ndege.

Mshale na jua

Nilirudi Tanga na neno lake kichwani. *Hii haipimi gesi.* Linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa la mtu mwenye tanki la gharama. Nikaamua kuiangalia geji yenyewe, bila kumuuliza mtu.

Niliweka mtungi barazani, nje, penye hewa. Valvu wazi, jiko limefungwa, hakuna anayepika. Nikawa naandika mshale uko wapi: alfajiri, saa 7 mchana, magharibi. Siku 6.

Alfajiri ulikuwa unakaa pale kijani kinapoanzia. Mchana unapanda, unazama katikati ya kijani. Magharibi unarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku moja kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, na mchana ule haukupanda kitu.

Nilikuwa na geji inayopima jua.

Jaribio la pili lilinimaliza. Mtungi mpya wa kampuni ile ile, haujaguswa, nikauweka kivulini kando ya ule uliotumika wiki kadhaa, vikakaa pamoja hadi jioni. Nikahamisha regyuleta kutoka mmoja kwenda mwingine. Mshale ulisimama karibu mahali pale pale.

Sababu yake, nilipokuja kuisoma na kuielewa, si ngumu. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji. Ndiyo yale unayoyasikia ukiutikisa. Ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo kwa joto la Tanga zote mbili zinataka kuwa mvuke muda wote, na kinachozizuia ni chuma. Zinachemka hadi mvuke unajaa nafasi ya juu na kusukuma kiasi cha kutosha, ndipo zinatulia. Ukifungua jiko mvuke kidogo unatoka, kimiminika kidogo kinachemka kuziba pengo, na msukumo unarudi pale pale. Uwe na kikombe kimoja cha kimiminika au ndoo, msukumo ni ule ule, mradi joto ni lile lile.

Ni kama sufuria ya maji yanayochemka iliyofunikwa. Mvuke unaotoka pembeni haukwambii maji yamebaki kiasi gani. Unatoka vile vile mpaka sufuria inaanza kuungua.

Propani inatangulia kutoka na butani inabaki nyuma, hivyo mwishoni msukumo hushuka kidogo, na labda macho makali yangeliona hilo. Lakini mabadiliko ya asubuhi na mchana ni makubwa kuliko hayo. Mshale wenyewe huanguka kweli pale tu kimiminika kinapokwisha, yaani pale wali umeshakuwa mgumu na mama yako anatetemeka mlangoni. Na hata hapo nadhani wetu ulikuwa umekwama kwa muda, kwa sababu nilioutazama mimi, nimeapa mara ngapi, ulikuwa kwenye kijani.

Geji ile ina kazi yake, niseme ukweli. Funga jiko, acha valvu wazi kidogo, kisha funga valvu: mshale ukishuka wenyewe wakati joto halijabadilika, una uvujaji kati ya valvu na jiko. Kwa hilo naiheshimu, na sijaitoa.

Maji ya moto

Kabla ya kupata mizani nilijaribu njia ya maji. Unachukua jagi la maji ya moto, si yanayochemka, unayamwaga taratibu upande mmoja wa mtungi kutoka juu hadi chini. Kisha unapitisha kiganja kuanzia juu kushuka. Penye mvuke chuma kinabaki na uvuguvugu. Ukifika penye kimiminika kinakuwa baridi ghafla, kwa sababu kimiminika kinanyonya joto lile upesi.

Mara ya kwanza sikusikia chochote. Nilifanya saa 8 mchana, mtungi wenyewe umeshapata joto la jua, na nilikuwa na haraka. Nikarudia alfajiri. Nilishusha kiganja mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nikaupata mstari, karibu upana wa vidole vinne kutoka kitako. Niliuchora kwa chaki. Nikakaa chini nikautazama ule mstari wa chaki kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Mara moja, mvua zikinyesha na hewa imejaa unyevu, nimeuona mstari bila hata maji. Nilikuwa nimechemsha maharage zaidi ya saa nzima, na mtungi ukatoka jasho upande wa chini tu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Gesi inapochemka inalichukua joto la chuma na kukiacha baridi, na hewa ya Tanga inafanya yaliyobaki.

Lakini mstari unakupa urefu, na mtungi una kitako cha duara na pete ya kusimamia. Robo ya urefu si robo ya gesi. Kwa nyumbani inatosha. Kwa mtu aliyejichoma sindano haitoshi.

Deep Sea

Jumamosi moja nilibeba mitungi miwili kwenye bajaji hadi Deep Sea, pale boti zinaposhusha samaki. Nilimwona mzee anayepima jodari kwa mizani ya ndoano iliyoning'inizwa kwenye mti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Hao samaki gani wa chuma?"

Nilimweleza. Hakucheka. Aliifuta ndoano kwa kitambaa, akapitisha kwenye mshikio wa mtungi wa kwanza, akauachia polepole. Tukasubiri utulie.

Kilo 9.1.

Kwenye kola ya kila mtungi, pale juu panapozunguka valvu, kumegongwa herufi T.W na namba. Huo ni uzito wa mtungi mtupu. Nilikuwa nimeishi na mitungi miaka mingi, nikiisugua kutu mahali pale pale, na sikuwahi kuisoma. Wa kwangu: 7.4. Toa 7.4 kwenye 9.1.

Kilo 1.7 za gesi.

Yule mzee aliuinua wa pili bila kuulizwa. Ulikuwa mpya, T.W yake 7.9, ukasoma 13.9. Kilo 6 kamili. Nikatambua jambo jingine pale pale: mitungi hii miwili, ya kampuni moja na ukubwa mmoja, imepishana nusu kilo ikiwa mitupu. Kila unapobadilisha kwa wakala unapewa mtungi mwingine, na ukiendelea kutumia namba ya ule wa zamani unajidanganya kwa siku mbili za kupika.

Nilitaka kumlipa. Akakataa, akaniambia nikirudi nirudi na mtungi tena, anataka kujua nilikula kiasi gani.

Gramu 250

Basi nikaanza kuandika tulikula kiasi gani. Nilinunua mizani yangu ya ndoano. Kwa watu watatu, chai asubuhi, mchana kitu chepesi, usiku chakula cha kweli, Koasta inakula karibu gramu 250 kwa siku. Maharage yasiyolowekwa yanaweza kumaliza zaidi ya hizo peke yake. Moto wa kilowati 2 unatumia kama gramu 150 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 ni siku 24 ukiwa na nidhamu. Kilo 1.7 ni siku 6, na mimi siku ya 6 ninaiita haipo.

Kaka aliona nasumbuka bure. "Beba mitungi miwili, basi." Tunabeba miwili sasa, na alikuwa na haki. Ila tuliwahi kujaribu bila kupima, tukajikuta hatujui ule wa pili uliwahi kufunguliwa au la.

Kuna na suala la pesa, ambalo sijapata jibu lake. Ukienda kubadilisha mtungi wenye gramu 600 ndani, hakuna anayekurudishia za gramu 600. Unaziacha. Kwa hiyo kila nyumba inapika hadi tone la mwisho, na nyumba yenye kidogo inasubiri zaidi kuliko zote. Siwezi kumwambia mtu kama huyo abadilishe mapema. Ninachoweza kumwambia ni kwamba akijua zimebaki 600, atapika maharage leo na kesho atachemsha chai tu, na hatashtukizwa. Na siku ya kununua, auombe mtungi upimwe mbele yake, asome T.W mwenyewe. Kijana wa wakala ninakonunua alishangaa mara ya kwanza. Sasa ananiwekea kwenye mizani kabla sijafungua mdomo.

Swali la muuguzi

Nilidhani hapo ndipo makala itaishia. Nilikuwa na mizani, nilikuwa na namba.

Kisha nilimpeleka Mama kliniki, na muuguzi akauliza kama amewahi kushuka karibuni. Nikamsimulia yote, geji, mtungi, mafiga. Alisikiliza huku anaandika. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Kwa nini alichoma chakula hakijaiva?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunafanya hivyo kwa sababu nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo, na nyumbani kuna duka la jirani, kuna mkate, kuna jiko la mkaa uani. Tukauhamisha utaratibu wa nyumbani hadi ufukweni bila kuugusa. Wiki hizo zote nilikuwa nachunguza chuma, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mwili wa mama yangu uliunganishwa na mtungi tangu mwanzo.

Sasa chakula kinaiva kwanza. Kinafunikwa, kinavikwa taulo zito, ndipo Mama anachoma, ndipo tunahesabu nusu saa tukiongea. Na kuna tende kwenye droo ya mlangoni ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa.

Jumamosi iliyopita tulilala Tongoni, karibu na magofu. Kabla ya kuwasha jiko niliutoa mtungi nikauning'iniza kwenye mkwaju. Kaka alimulika. Mama alisimama karibu na leso yake kichwani, akangoja utulie, akaisoma namba yeye mwenyewe kwa sauti, kilo 11 na gramu 200, yaani 11.2, akaniuliza ya kwenye kola. Nikamwambia 7.9.

Alifikiri kidogo, midomo inasogea.

"Tatu na tatu," akasema. "Loweka maharage ya kesho."